Mchanga wa Kwale, daraja la Nyali na kumbukumbu ya mashine

Malori ya mchanga hayapiti tena. Tangu Desemba 2024, Base Titanium ilipoacha kuchimba Kwale, barabara ya kuja Likoni imepungukiwa na yale matrela mazito tuliyoyazoea kwa muda wa miaka kumi, yakitoka machimboni kwenda kwenye gati la kampuni, yakimwaga mzigo na kurudi kuchukua mwingine. Shehena ya kwanza ilipakiwa mwaka 2014. Mzigo wenyewe ulikuwa madini ya aina tatu: ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Ulichekechwa na kutenganishwa kule kule Kwale, kisha ukatiwa melini. Hakuna kiwanda cha kuyageuza kuwa kitu kingine kilichojengwa hapa.

Mimi nakaa Junda, Kisauni, upande wa pili kabisa wa mji, na mtu ana haki ya kuniuliza mchanga wa Kwale wanihusu nini. Wanihusu kwa sababu ya sauti moja iliyozungushwa sana kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaani kwetu. Mwenye kuirekodi anasema wazungu wamegundua kwamba mchanga wetu ndio unaotengeneza ubongo wa mashine, kwamba Kwale tulichukuliwa dhahabu tukaambiwa ni rangi ya ukuta, na kwamba safari hii Pwani isikubali kuchimbwa chochote mpaka tulipwe bei ya akili mnemba. Ile sauti ina uchungu wa haki ndani yake. Na nusu ya maneno yake ni kweli, ndiyo maana naona yafaa kujibiwa. Uongo mtupu watu huupuuza wenyewe.

Nusu ya kweli ni hii. Mwaka 1971 profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Leon Chua, aliandika kwamba katika hesabu za umeme kuna kifaa kimoja cha msingi ambacho bado hakijapatikana: kifaa ambacho ukinzani wake, yaani namna kinavyouzuia umeme kupita, hutegemea umeme uliokwisha kupita ndani yake hapo nyuma. Kinakumbuka. Akakiita memrista, jina lililounganisha kumbukumbu na ukinzani. Ikapita miaka 37. Mei 2008 watafiti wa maabara ya HP, kiongozi wao Stanley Williams, wakatangaza katika jarida la Nature kwamba wamekipata. Ndani yake kulikuwa na utando mwembamba wa titaniamu dioksidi uliobanwa kati ya nyaya mbili za platini. Na rutaili ni nini? Ni titaniamu dioksidi.

Siku hizi maabara na viwanda vingi vimehamia kwenye oksidi ya hafniamu, kwa sababu viwanda vya chipu vilikuwa vimeshaizoea kwa kazi nyingine. Hafniamu haina machimbo yake mahali popote. Hupatikana kama baki wakati zirkoni inaposafishwa ili kupata zirkoniamu. Zirkoni nayo ilipita Likoni.

Kwa hiyo yule ndugu hakuota. Lakini kabla hatujafika kwenye bei, yafaa tuelewe hicho kifaa kinafanya nini na kwa nini watu wanakihangaikia.

Sisi wa Junda, Mishomoroni na Mtopanga tuna njia ya mkato ya kulielewa jambo hili, kwa sababu tunaliishi kila asubuhi. Tunalala bara, kazi iko kisiwani, na katikati kuna daraja la Nyali. Mtu anaamka alfajiri, anapanda matatu, anakwama Kongowea, anakwama tena kabla ya daraja, na anafika kazini amechoka kabla hajaanza. Jioni ni vile vile kurudi. Ukipiga hesabu ya mafuta, nauli na masaa, utakuta siku nyingine safari imegharimu karibu sawa na kibarua chenyewe.

Kompyuta zimejengwa hivyo hivyo. Kumbukumbu iko upande mmoja, kichakataji kinachopiga hesabu kiko upande wa pili, na katikati kuna njia moja ya kupitisha data. Mpango huu unaitwa kwa jina la John von Neumann, aliyeuandika mwaka 1945, na kwa kazi za kawaida umetutumikia vizuri. Akili mnemba ndiyo iliyouelemea. Mfumo wa kisasa wa kujibu maswali au kutambua sauti una mabilioni ya namba ndani yake, zile zinazoitwa uzito, na kila mara unapouliza swali zinavushwa darajani kwenda kuzidishwa na kujumlishwa, kisha majibu yanarudishwa. Kuvusha namba kutoka kwenye kumbukumbu ya nje kunakula umeme mwingi kuliko hesabu yenyewe, tena kwa mbali sana. Umeme huo ukishatumika unageuka joto, na joto hilo linataka umeme mwingine wa kulipoza.

Wahandisi wamefanya yale ambayo sisi tumekuwa tukiyaomba serikalini: wamepanua daraja, wameongeza njia, wameisogeza kumbukumbu karibu. Imesaidia. Hawa wa memrista wana wazo tofauti. Wanasema msongamano utaisha siku kazi itakapofanyiwa pale pale mtu anapolala.

Inawezekanaje? Tuseme una mabomba kumi ya maji, kila bomba na presha yake. Kila bomba lina koki, na kila koki umeifungua kwa kiasi chake: hii robo, hii nusu, ile kidogo tu. Zote zinamwaga kwenye pipa moja. Maji yanayotoka katika kila koki yanategemea presha mara uwazi wa koki, na pipa linajumlisha bila kuambiwa. Hapo umezidisha mara kumi na kujumlisha kwa mpigo mmoja, na hakuna aliyeshika kalamu. Badala ya maji weka umeme, badala ya koki weka memrista, badala ya pipa weka waya. Ni kanuni ya Ohm na kanuni za Kirchhoff, fizikia iliyo kwenye vitabu vya shule. Uwazi wa koki ndio ile namba inayokumbukwa, na haikuvuka daraja lolote. Panga memrista hizo kama nyuzi za jarife, elfu kwenda chini na elfu kwenda kando, na utakuwa na mashine inayopiga hesabu milioni moja kwa mara moja.

Na koki inafunguliwa vipi? Utando wenyewe una unene wa nanomita chache. Ukiupa volti moja au mbili, umeme ambao hauwezi hata kukutekenya kidole, kwa utando mwembamba hivyo ni nguvu ya kutisha. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Atomi za oksijeni husukumwa kutoka mahali pake, panabaki mapengo, na mapengo hayo yanatengeneza kijia ambacho umeme unapita kwa urahisi. Ukiugeuza umeme upande wa pili, kijia kinaziba. Ukiuzima kabisa, kijia kinabaki kama ulivyokiacha. Simu inaweza kukaa sandukuni mwezi mzima na kumbukumbu ikawapo.

Waliobuni haya hawafichi kwamba wanauiga ubongo. Maungio ya chembe za neva katika kichwa cha mwanadamu hayana sehemu ya kuhifadhi na sehemu ya kufikiri. Ni pale pale. Na ubongo wote unatumia takriban wati 20. Feni ya dari inakula zaidi ya hapo.

Sasa tuseme mambo yamefikia wapi, maana kwenye ile sauti ilionekana kama mashine hizi ziko madukani tayari. Kama kumbukumbu ya kawaida tu, ndiyo, zipo: Panasonic ilianza kuuza chipu ndogo zenye kumbukumbu ya aina hii mwaka 2013, ikitumia oksidi ya tantalamu, na viwanda vikubwa kama TSMC ya Taiwan sasa vinaitengeneza kwa wateja. Lakini kupiga hesabu ndani ya kumbukumbu, hilo kwa sehemu kubwa liko maabara. Agosti 2022 watafiti wa Stanford, San Diego, Tsinghua na kwingineko walionyesha chipu waliyoiita NeuRRAM, yenye memrista milioni tatu, iliyotambua namba zilizoandikwa kwa mkono, picha na amri fupi za sauti kwa umeme kidogo kuliko chipu za kawaida. Ilikuwa kazi kubwa. Milioni tatu, hata hivyo, ni kidogo mno ukilinganisha na mabilioni ya namba katika mifumo mikubwa ya leo.

Tabu zilizobaki ni za aina ambayo fundi yeyote ataielewa. Memrista mbili zilizotengenezwa siku moja kwenye sahani moja hazifanani sawasawa. Koki uliyoifungua nusu jana, leo inaweza kuwa imesogea kidogo. Ukiifungua na kuifunga mara nyingi mno, inachakaa. Na kwa kuwa majibu yanatoka kama mkondo wa umeme, lazima yageuzwe kuwa namba, na vile vifaa vya kugeuza vinakula sehemu ya umeme uliodhani umeokoa. Mimi nadhani tutaziona kwanza kwenye vitu vidogo, kama visaidia usikivu, saa, kamera, vipimo vya mashambani na simu za bei nafuu, kabla hazijaingia kwenye vituo vikubwa vya data, kama zitaingia.

Basi turudi kwenye bei. Hapa ndipo ile sauti inapotupotosha, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo.

Chipu hukatwa kutoka kwenye sahani za silikoni. Sahani kubwa ya kawaida ina upana wa milimita 300 na hutoa chipu mamia. Ukiipaka yote utando wa titaniamu dioksidi wenye unene wa nanomita 10, utatumia kama miligramu tatu. Gramu moja ina miligramu elfu. Kwa hiyo kilo moja ingepaka zaidi ya sahani 300,000. Trela moja la Likoni, tuseme tani 28 za rutaili, lingepaka sahani zaidi ya bilioni nane, ambazo ni nyingi kuliko dunia nzima inavyotengeneza kwa miongo kadhaa. Hata tukisema kiwandani nusu au robo tatu inapotea njiani, bado jibu ni lile lile: lori moja lingeitosha dunia, na likasaza la wajukuu.

Walipotuambia mchanga wetu ni wa rangi ya ukuta, hawakutudanganya kwa hilo. Sehemu kubwa ya ilmenaiti na rutaili inayochimbwa duniani huishia kuwa unga mweupe wa rangi, karatasi, plastiki, hata dawa ya meno. Malalamiko ya Kwale yapo na yana uzito. Kuna waliohamishwa makwao Maumba na Nguluku. Kuna mamia waliopoteza kazi machimbo yalipofungwa. Kuna sheria ya madini ya 2016 inayosema asilimia 70 ya mrabaha iende serikali kuu, 20 kaunti na 10 jamii ya mahali, na fungu hilo la jamii likasubiriwa mwaka baada ya mwaka. Hayo tuyadai kwa majina yake. Lakini kudai bei ya akili mnemba kwa mchanga wa rangi ni kumpa mwenye kujadiliana nawe sababu ya kukucheka, na akishacheka hatakusikiliza unapotaja yale yenye haki.

Nayasema haya sasa kwa sababu mlima unaofuata uko njiani. Mrima, huko huko Kwale, ni msitu wa kaya, mahali pa heshima kwa Wadigo, na chini yake kuna niobiamu na madini adimu. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilisema mali iliyoko pale inafika dola bilioni 62.4. Leseni yake ikafutwa mwaka huo huo, ikaishtaki Kenya kwenye baraza la usuluhishi la kimataifa, na Oktoba 2018 ikashindwa, kwa kuwa ilikuwa haina kibali halali cha mazingira. Sasa Wamarekani wanauangalia, Wachina wanauangalia, na mwaka 2025 kampuni mbili za Australia, RareX na Iluka, zilitangaza kwamba zinautaka. Waziri wa madini ni Hassan Joho, mtu wetu wa hapa Mombasa, na kabla yake alikuwa Salim Mvurya aliyewahi kuwa gavana wa Kwale. Hatuwezi kusema wizara haijui Pwani iko wapi.

Niobiamu pia imewahi kutengenezewa memrista maabara, na nina hakika kuna siku sauti nyingine itatufikia kutangaza hilo. Tusikimbilie. Karibu niobiamu yote ya dunia huenda kukazia chuma, na nyingi inatoka Brazil. Madini adimu ndiyo yenye mvutano wa kweli, kwa ajili ya sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Anayejadili Mrima ajue soko ni hilo.

Na tukitaka kuona madini ya teknolojia yanavyoweza kumfanyia mwenyeji wake, tutazame Rubaya, mashariki mwa Kongo, ambako inasemekana hutoka kama asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Waasi wa M23 waliliteka eneo hilo mwaka 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba ushuru wa koltani unawapa kama dola 800,000 kila mwezi. Tantalamu ile haiendi kwenye memrista, au kama inakwenda ni chembe. Inakwenda kwenye vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji ndani ya simu zetu. Wachimbaji wa Rubaya wanashuka mashimoni kwa mikono. Kwamba madini yao ni ya lazima kwa dunia hakukuwapa wao nguvu yoyote mezani.

Kama faida haiko kwenye mchanga, iko wapi? Mimi naiona kwenye stima, na kwenye ujuzi.

Mei 2024, Rais Ruto alipokuwa ziarani Washington, Microsoft na kampuni ya G42 ya Imarati zilitangaza mpango wa dola bilioni moja, ukiwemo wa kujenga kituo cha data Olkaria kwa umeme wa mvuke wa ardhini. Kingeanza na megawati 100 na kuongezwa hatua kwa hatua hadi megawati 1,000. Sasa chukua kalamu. Kilele cha matumizi ya umeme ya Kenya nzima, pamoja na kila feni ya Kisauni na kila kinu cha saruji cha Pwani, kimepita megawati 2,300 juzi juzi tu. Jengo moja lingetaka zaidi ya theluthi moja ya hapo. Na Rais mwenyewe amekiri hadharani kwamba kuna sehemu za nchi zinazokatiwa umeme jioni kwa kuwa hautoshi. Hapa Junda hatuhitaji kukiriwa. Mwenye friji la samaki anajua.

Ndipo hili la memrista linapoacha kuwa hadithi ya maabara. Mikataba ya umeme na ardhi inatiwa saini kwa miaka 20 au 30. Mashine zinazohalalisha ule ukubwa wa umeme zinabadilika kila miaka mitatu minne, na kuna watu wengi wenye akili na fedha wanaojaribu kulifuta daraja linaloula umeme huo. Wanaweza kufaulu, wanaweza kushindwa. Serikali inayoahidi megawati elfu kwa kizazi kizima yafaa iandike ndani ya mkataba nini kitatokea kama mashine za mwaka 2035 zitataka robo ya umeme huo: nani atabaki akilipia mitambo iliyojengwa, mwenye kituo au sisi tunaonunua tokeni?

Kuna anayesema umeme ukiokolewa kwenye mashine moja, watu wataweka mashine kumi. Huenda. Bando ziliposhuka bei hatukuokoa pesa, tuliangalia video zaidi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuandika mkataba wenye macho mawili.

Upande wa ujuzi, mfano wangu ni kebo. Mwaka 2009 kebo ya TEAMS iliingia Mombasa, ikazinduliwa Fort Jesus, na SEACOM ikafuata mwaka huo huo, kisha EASSy mwaka 2010. Tukaambiwa Mombasa ni lango. Na kweli ni lango: data inapita hapa, inapanda Nairobi, na utajiri uliojengwa juu yake umejengwa huko. Kisha Mei 2024 EASSy na SEACOM zikakatika chini ya bahari kusini mwetu, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Kila programu iliyokuwa inategemea kufikiri kwake kufanyike ng'ambo ikawa bubu au nusu bubu.

Chipu inayofikiri pale ilipo, kwa umeme wa betri ndogo, haijali kebo. Simu ya shilingi elfu kumi ingeweza kumsikiliza bibi wa Junda, ikamwelewa na kumjibu bila sauti yake kutoka nyumbani. Kwangu mimi hilo ni jambo la faragha kwanza, kabla ya kuwa jambo la teknolojia. Tuna sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, lakini sheria iliyo bora zaidi ni sauti kutotoka mlangoni. Ila bibi huyo anasema Kimvita, hasemi Kiswahili cha taarifa ya habari. Atasema "nnakwenda", atasema "ndoo hapa". Chipu haitamwelewa kama haikufundishwa kwa sauti za watu kama yeye, na mtu wa maabara ya mbali hana sababu ya kuja Kisauni kuzitafuta. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti za Kiswahili kwa michango ya watu wa kujitolea. Hiyo ni kazi ambayo kijana wa hapa anaweza kuifanya kwa simu yake, bila leseni ya madini.

Ukisimama ufukoni Junda, mikokoni ikiwa nyuma yako, ng'ambo ya hori unaiona Tudor. Pale kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mizizi yake ni chuo cha ufundi cha Waislamu, kile MIOME, kilichojengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na wengineo ili vijana wa Afrika Mashariki wapate uhandisi na ubaharia. Wazee waliotoka pale waliendesha bandari, reli na mitambo ya stima. Kikawa politekniki mwaka 1972, kikawa chuo kikuu mwaka 2013. Leo Kenya inapotajwa kwa chipu, kinachotajwa ni Nyeri, ambako kampuni ya Semiconductor Technologies imejenga kiwanda kidogo ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Nyeri haina kebo ya bahari. Haina bandari, haina rutaili. Ilikuwa na chuo kilichokubali kutoa nafasi na watu waliokuwa tayari.

Kijana mmoja fundi wa simu hapa mtaani, mwenye mkono mwepesi wa kubadilisha chipu ndogo kuliko punje ya mchele, aliniuliza nilipomweleza haya: "Sasa mzee, hii mimi nikaisome wapi?" Nilimtajia Tudor. Akasema ameshakwenda, karo ikamshinda muhula wa pili.

Basi haya ndiyo ningependa wabunge wetu na wawakilishi wa Kwale na Mombasa wayaweke mezani Mrima inapojadiliwa, badala ya bei ya kufikirika ya ubongo wa mashine. Kabla ya leseni yoyote, wazee wa kaya wasikilizwe, na wakisema hapana, hapana yao iandikwe. Kama leseni itatolewa, mkataba utaje maabara ya vifaa vya elektroniki na sayansi ya madini Tudor, yenye vipimo vya kisasa na walimu wanaolipwa kwa miaka yote ya uchimbaji. Utaje idadi ya vijana watakaolipiwa karo mpaka wamalize, kwa majina ya wadi zao. Asilimia 10 ya jamii ilipwe kila robo mwaka, na hesabu zake zibandikwe mahali pa wazi. Na hesabu ya kila shehena itakayotoka itaje madini yote yaliyomo ndani, hata yale ya kiasi kidogo, ili siku tukiambiwa kuna hafniamu ndani ya zirkoni, tuwe na karatasi mkononi inayosema ilikuwa kilo ngapi.

Juu ya meza ya yule fundi kuna glasi ya kukuzia, kibanio na taa ya betri, kwa sababu stima hukatika saa za wateja. Ana miaka 23.